Gari Kuukuu Linachemsha? Uliza Kwanza Linachemshia Wapi

Gari lililotembea kilomita 250,000 likianza kuchemsha, mwenye gari huanza kununua spea. Fundi wa kwanza anasema ni thamostati, ile valvu inayofungua na kufunga njia ya maji ya rejeta kwa joto, inatolewa. Wa pili anasema ni rejeta, inatafutwa ya mtumba mtaa wa Gerezani, Dar. Wa tatu anasema wotapampu, pampu inayozungusha maji. Mwisho wa mwezi pesa iliyotoka ingetosha kuishughulikia injini nzima, na mshale bado unapanda. Inawezekana kila kilichobadilishwa kilikuwa kimechoka kweli, maana kwenye gari la umri huo hakuna kitu kipya. Ila hakuna aliyemuuliza dereva swali la maana: linachemshia wapi? Kwenye foleni ya Ubungo, au kwenye mlima wa Kitonga? Asubuhi, gari halijatoka getini, au baada ya saa mbili za safari? Jibu la hapo linapunguza washukiwa kabla fundi hajashika spana.

Mifano yangu mingi ni ya Toyota za petroli zilizojaa barabarani kwetu: Corolla na Carina zenye injini ya 5A, Noah ya 3S, IST, Vitz. Mwenye Nissan au Honda atakuta vitu ni vilevile, ila vimekaa sehemu nyingine.

Likichemsha ukiwa njiani

Zima AC, toka barabarani, zima injini. Kama uko mahali huwezi kusimama, tuseme katikati ya kona za Kitonga na malori yako nyuma yako, fungulia hita joto la mwisho na feni yake mwisho. Hita ina rejeta yake ndogo, na joto litakaloingia ndani ya gari ni joto lililotoka kwenye injini. Mtatoka jasho wote, lakini huenda ukafika penye nafasi.

Mfuniko wa rejeta usiguswe. Mfuniko ulioandikwa 0.9 unashikilia mgandamizo unaofanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 118. Ukiufungua, mgandamizo unaondoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke na kukurukia usoni na kifuani. Subiri nusu saa au zaidi, hadi uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta na kuubonyeza bila taabu. Wala usiimwagie injini maji ya baridi. Hedi, yaani kichwa cha injini, ni ya alumini, na kwenye injini kama 5A na 3S imefungwa juu ya bloku (mwili wa injini) ya chuma. Alumini hutanuka na kusinyaa takriban mara mbili ya chuma, na gasketi inayoziba kati yao ndiyo inayoteseka.

Jambo moja linalowaponza wengi: mvuke unatoka kwenye boneti, halafu mshale unashuka wenyewe, dereva anashukuru Mungu na kuendelea. Sensa imekusudiwa kukaa ndani ya maji. Maji yakiisha inabaki kwenye hewa na mvuke, inasoma uongo. Passo na Vitz nyingi hazina hata huo mshale, zina taa ya bluu ya baridi na nyekundu ya joto. Nyekundu ikiwaka, zima. Na hata kwenye gari lenye mshale, Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 1990 mshale umetengenezwa utulie katikati hata joto likipandapanda kwa nyuzi kadhaa. Ukiuona umeanza kupita katikati, mambo yalianza kitambo.

Asubuhi, injini ikiwa baridi

Ukaguzi huu haugharimu kitu na mara nyingi ndiko kesi inakoishia. Fungua mfuniko wa rejeta. Maji yanatakiwa yawe mpaka shingoni, siyo kwenye kopo la akiba tu. Kopo linaweza kuwa limejaa na rejeta iko nusu, kwa sababu mfuniko mbovu hutoa maji kwenda kwenye kopo injini ikipata moto, lakini hauyarudishi injini ikipoa. Angalia mpira wa mfuniko: ukiwa mgumu, umepasuka au una alama ya mduara iliyozama, nunua mwingine wenye namba ileile. Usiweke wa 1.1 mahali pa 0.9 ukidhani unaongeza ulinzi, mabomba ya zamani hayatakushukuru.

Kisha rangi. Kulanti (maji ya dawa ya rejeta) nyekundu au ya kijani iliyo angavu ni sawa. Maji ya rangi ya kutu yana maana kwamba miaka imepita yakiongezwa maji ya bomba au ya kisima, na Dar visima vingi vina chumvi. Chumvi na kutu vinakula mabapa ya wotapampu na kuziba mirija ya rejeta kwa wakati mmoja. Ukikuta kitu kizito cha rangi ya waridi, hiyo ni oili ya gia boksi ya otomatiki, inayopozwa na kibomba kilichomo ndani ya tangi la rejeta, kibomba kimetoboka. Usiliendeshe hata mpaka gereji, livutwe, kwa sababu maji nayo yanaingia kwenye gia boksi, na gia boksi ni ghali kuliko rejeta.

Tangi la plastiki la juu ya rejeta likiwa jipya ni jeusi. Likishakuwa la kahawia, plastiki imekauka na itapasuka siku usiyoitaka. Pitisha kidole gumba taratibu kwenye vibati vyembamba vya rejeta, hasa sehemu ya chini na ile iliyojificha nyuma ya kava ya feni. Vikimomonyoka na kukuachia unga mkononi, rejeta hiyo haipoozi kitu hata kama haidondoshi tone. Mwisho, tafuta kitobo kidogo chini ya wotapampu. Kipo makusudi, kutoa taarifa kwamba sili ya ndani imeisha. Mchirizi mkavu mweupe au mwekundu unaoanzia hapo unatosha kuihukumu pampu.

Foleni linachemsha, likitembea linapoa

Hiyo ni feni, karibu kila mara. Gari likikimbia kilomita 60 kwa saa, upepo wa barabarani unafanya kazi yenyewe. Likisimama, rejeta inategemea feni peke yake.

Washa gari, washa AC. Kwenye magari mengi feni inatakiwa kuanza AC ikiingia. Ikiwaka kwa AC na haiwaki kwa joto, mota ni nzima, shida iko kwenye swichi ya joto, sensa au nyaya. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina mpango wa kinyumenyume unaochanganya mafundi: swichi ya joto inapitisha umeme maji yakiwa baridi, na yakifika karibu nyuzi 93 inakata, na kule kukata ndiko kunakoiwasha feni kupitia rilei. Kwa hiyo chomoa plagi ya swichi hiyo huku ufunguo uko ON. Feni ikizunguka, mota, rilei na fyuzi ni vizima, badilisha swichi. Isipozunguka, peleka nyaya mbili kutoka kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye mota. Ikikaa kimya, au ikizunguka ukiisukuma kwa kijiti tu, kaboni zimeisha. Kwenye magari ya baadaye feni inaamriwa na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini; ukichomoa sensa ya joto, mara nyingi kontroli boksi inaiwasha feni kwa tahadhari.

Feni kuzunguka hakutoshi. Chukua kipande cha gazeti, kiweke mbele ya grili wakati feni inafanya kazi. Kinatakiwa kivutwe na kung'ang'ania pale. Kikidondoka, feni ni dhaifu. Kikisukumwa mbele, mtu aligeuza nyaya au pangaboi alipokuwa anafunga, na sasa feni inashindana na upepo wa barabarani. Kava ya plastiki inayozunguka feni nayo haikuwekwa kwa urembo: bila hiyo feni inavuta hewa ya pembeni badala ya inayopita kwenye rejeta. Magari mengi ya mtumba yaliyogongwa mbele hayanayo.

Kuhusu kuunga feni dairekti iwe inazunguka muda wote: inakutoa porini, sawa. Kuishi nayo mwaka mzima ni kumaliza mota mapema, na bila fyuzi kwenye huo waya siku moja utanusa plastiki inaungua.

Hiace, Hilux na Mark II za zamani zina feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta mazito ndani. Injini ikiwa moto na imezimwa, sukuma feni kwa mkono. Ikizunguka yenyewe raundi nyingi bila kugoma, klachi imekufa.

Mjini salama, safarini au mlimani linachemsha

Hapa feni haina kosa, upepo upo wa kutosha. Injini inazalisha joto kuliko kiasi ambacho maji yanaweza kubeba, au maji hayazunguki inavyotakiwa.

Anza na njia ya hewa, kwa kuwa ni bure. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, na katikati ya hivyo viwili pana nafasi nyembamba ambayo haionekani mpaka ulegeze rejeta. Gari lililopita barabara za vumbi miaka kumi utakuta pale blanketi la udongo, mbegu za majani na wadudu. Osha kwa maji yenye nguvu ndogo ukitokea upande wa injini kwenda mbele. Mashine ya kuoshea magari yenye presha kubwa italaza vibati vyote.

Kisha rejeta yenyewe. Gari likishapata moto na feni imeshawaka mara mbili, zima injini na upapase uso wa rejeta kwa mgongo wa mkono, ukikaa mbali na feni. Joto linatakiwa lipungue taratibu kutoka maji yanakoingia kwenda yanakotokea. Ukikuta kipande cha baridi katikati ya sehemu ya moto, mirija ya hapo imeziba. Rejeta za shaba fundi anaweza kufungua matangi, akapitisha waya kwenye kila mrija, akachomelea tena. Za alumini zenye tangi la plastiki haziponi hivyo, na kuzipitisha maji kinyumenyume huondoa tope laini tu. Kama kuna mtu aliwahi kuziba tundu kwa yai bichi, pilipili manga au dawa ya kuzibia ya kwenye kopo, jua kwamba kilichoziba tundu kimeziba na mirija.

Mpira wa chini: mwambie mtu akanyage mafuta injini ikiwa moto, wewe uutazame. Ukinywea, pampu inavuta lakini maji hayaji. Ama rejeta imeziba, ama mpira umelainika na waya wake wa ndani umeliwa na kutu. Wotapampu inaweza kuwa haivuji kabisa na mabapa yake yameliwa, ikawa inapapasa maji tu. Kwenye 3S ya Noah pampu inazungushwa na taimingi belti, kwa hiyo ukifungua kwa ajili ya kimoja badilisha vyote viwili. Kwenye 5A na 1NZ (injini ya IST nyingi) inazungushwa na fenibelti ya nje. Ikipiga kelele asubuhi au ukiwasha AC, inateleza na pampu inapungua mwendo.

Vitu viwili vinasahaulika kwa sababu havihusiani na maji. Masega yaliyoziba, yaani kichujio cha moshi kwenye ekzosi: gari halina nguvu, halivuki mwendo fulani, na joto la ekzosi linabaki kwenye hedi. Na breki zinazonata: baada ya kilomita kumi shika rimu zote nne, moja ikiwa inaunguza, injini ilikuwa inavuta gari lililofungwa breki.

Thamostati

Mazungumzo ni yaleyale kila gereji.

"Bosi, nchi yetu ya joto hii, thamostati ya nini? Hii ni ya Wajapani na barafu yao. Tunaitoa, hutasikia tena kuchemsha."

"Fundi, ukiitoa maji ya moto si yatapita njia ya mkato?"

Swali la huyo mteja ndilo lenyewe. Injini nyingi za Toyota thamostati iko upande maji yanakoingilia kwenye injini, na ina sahani mbili. Inapofungua njia ya rejeta, sahani ya chini inaziba njia ya mkato inayozungusha maji ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi muda wote na sehemu ya maji haipoozwi kamwe. Mjini utaona mshale uko chini, utafurahi. Ukipanda mlima na mzigo, linachemsha. Na huko mjini ambako mshale uko chini, kontroli boksi inadhani injini bado ni baridi, inaongeza petroli, oili inachafuka upesi. Wengi wanaolalamika kwamba gari lao linakunywa mafuta, thamostati ilishatupwa na mmiliki aliyetangulia.

Thamostati kweli huharibika. Ikigoma kufunguka, mpira mmoja wa rejeta unaunguza na mwingine ni wa baridi huku mshale umepanda. Kuipima ni kazi ya jikoni: ining'inize kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiguse chini, weka kipimajoto, chemsha. Iliyoandikwa 82 inatakiwa ianze kufunguka kati ya nyuzi 80 na 84, na ikifika 95 iwe imefunguka angalau milimita 8. Unapoirudisha, kile kitobo chenye kipini kinachochezacheza kikae juu ili hewa ipate pa kutokea, isipokuwa kitabu cha gari lako kiseme vingine.

Maji yanapungua na huoni yanakokwenda

Laza boksi lililokunjuliwa chini ya injini usiku kucha. Tone litakuonyesha upande. Zulia la abiria wa mbele likiwa na unyevu, vioo vikiweka ukungu wenye utelezi na ndani kukawa na harufu tamutamu, rejeta ya hita inavuja. Mvujo mwingine hutokea injini ikiwa moto tu na kukauka papo hapo. Tafuta alama ya unga wa rangi ya kulanti kwenye maungio ya mipira na mabomba ya nyuma ya injini. Fundi mwenye pampu ya kupimia rejeta ataijaza presha ya mfuniko injini ikiwa baridi, na ndani ya dakika chache kila kitu kitajitokeza.

Nje kukiwa kukavu kabisa, maji yanaungua ndani. Toa plagi zote za silinda, uzipange kwa mpangilio wake. Moja ikiwa safi kuliko wenzake, silinda yake inaoshwa na mvuke.

Hewa nayo inahesabiwa hapa. Mshale unaopanda na kushuka, hita inayotoa moto kisha baridi, sauti ya maji yanayobubujika nyuma ya dashibodi: kuna hewa ndani. Noah inasumbua zaidi kwa kuwa injini iko chini ya viti na mabomba yake ya maji ni marefu. Inua pua ya gari, fungua mfuniko injini ikiwa baridi, weka hita joto la mwisho, washa, uwe unabinya mipira na kuongeza maji mpaka mapovu yaishe. Yasipoisha, soma sehemu inayofuata.

Linachemsha halijatoka hata getini

Gari limelala usiku kucha. Washa, subiri dakika moja au mbili, bonyeza mpira wa juu. Maji bado ni ya baridi, hakuna joto la kuleta presha. Mpira ukiwa tayari mgumu, presha hiyo inatoka kwenye silinda: gasketi ya hedi imepasuka au hedi ina ufa. Kuna dawa ya bluu inayowekwa kwenye shingo ya rejeta na kugeuka njano ikikutana na hewa ya ekzosi. Fundi akiwa nayo, ubishi unaisha. Kupima kompresheni kunasaidia pia, hasa silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja.

Usihukumu kwa ute wa rangi ya chai ya maziwa chini ya mfuniko wa oili peke yake. Gari la safari fupifupi hukusanya unyevu pale. Vuta dipstiki: oili ikiwa imebadilika na huko, hapo sawa. Moshi mweupe wa asubuhi ya Mbeya au Njombe nao ni mvuke wa kawaida kama unaisha injini ikipata moto.

Ikithibitika, usikubali ibadilishwe gasketi peke yake. Hedi iliyochemka hupinda, na kiwango cha Toyota kwa injini nyingi hizi ni milimita 0.05, ambayo jicho haliwezi kuiona. Iende mashine ipimwe kwa rula ya chuma, ipimwe ufa kwa presha, isawazishwe. Boliti za hedi zipimwe au zinunuliwe mpya, zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu kuanzia katikati kwenda pembeni. Na kabla ya kuwasha, kilichochemsha gari mwanzoni kiwe kimepatikana. Gasketi mara nyingi imepasuka kwa sababu feni haikuwaka au rejeta iliziba, na gasketi mpya itapasuka kwa sababu ileile.

Ukiambiwa nafuu ni injini ya mtumba, huenda ni kweli, hasa kama bloku nayo imepinda. Ila injini hiyo nayo ina miaka yake. Ikiwa bado sakafuni, kabla haijapandishwa, weka wotapampu, thamostati, mipira na taimingi belti mpya kama inatumia belti. Kazi ya saa moja pale chini inakuwa ya siku nzima ikishafungwa ndani ya gari.